Dole la Baba

Baba alifariki Septemba 2017, alfajiri ya Ijumaa, katika nyumba yake ya Ngamiani, Barabara ya 12, hapa Tanga mjini. Tukamzika siku ileile baada ya sala ya Ijumaa. Siku ya arobaini, hitma imekwisha, masinia ya pilau yameondolewa na wageni wanavaa viatu, kitindamimba wetu akaingia chumbani kwa baba, akatoka na bahasha ya kaki na kuiweka mkekani mbele ya baba mdogo.

Ndani mlikuwa na karatasi moja ya daftari, ya mistari ya buluu, iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Maneno yalikuwa machache. Nyumba ya Ngamiani apewe kitindamimba. Shamba la minazi la Tongoni apewe mjukuu, mtoto wa ndugu yetu aliyetangulia mbele ya haki miaka sita kabla. Chini ya maneno hayo palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, imetandaa upande mmoja kama iliyoteleza, na sahihi mbili za mashahidi.

Baba mdogo aliisoma kwa sauti. Mama, aliyekuwa ndani kwenye eda, alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Mimi nikasimama katikati ya watu nikasema, "Hii ameighushi. Baba yangu hajapata kutia dole maisha yake yote."

Neno hilo lilitugharimu mwaka mzima. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu ambao muda huu wamekaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo, tumbo moja, kila mmoja ameangalia upande wake. Mimi nimekaa kwenye benchi hilo.

Nieleze kwanza tulivyo. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, ana shughuli zake za magari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Muheza. Baada yangu alikuwepo ndugu yetu aliyefariki, ndiye baba wa huyo mjukuu. Kisha kitindamimba, ambaye hakuondoka nyumbani. Hawa wote ni watoto wa mama yangu. Lakini baba alikuwa na mke kabla ya mama, wakaachana, na kwa mke yule kuna binti mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, aliyeolewa Mombasa. Tulikuwa tunamwita dada wa Mombasa, tena tukimtaja zaidi kwenye harusi na misiba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Mwandiko wake ulikuwa wa watu wa zamani, herufi zimelala upande mmoja, na sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata jina zima. Barua zake zote nilizokuwa nazo zilikuwa na mkia ule. Ndiyo maana lile dole lilinitia wazimu. Jambo nililosahau, au nililokataa kulikumbuka, ni kwamba mwaka 2013 baba alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Toka siku hiyo sikumwona akiandika chochote. Nilikuwa nakuja kila baada ya wiki mbili, nafika saa nne, naondoka saa tisa kuwahi basi la Muheza. Kwa miaka minne nilikuwa mgeni wa mchana katika ugonjwa wa baba yangu.

Kaka hakusubiri. Wakati wa matanga palikuwa na karatasi iliyozunguka barazani, tukaambiwa tuandike majina na sahihi, ni mahudhurio. Tukaandika. Karatasi ile ndiyo iliyokwenda kubandikwa nyuma ya muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema sote tumempendekeza kaka awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari, cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, na fomu namba moja, ile ya maombi ya usimamizi, imejazwa. Nilikuja kuiona fomu hiyo baadaye. Mahali pa kuorodhesha warithi palikuwa na majina ya mama na watoto watatu tu. Dada wa Mombasa hakuwemo.

Sina hakika kaka alikuwa na nia mbaya. Nadhani alijaza watu aliowaona mbele yake. Lakini hakuna sababu inayotosha kwa jambo kama hilo. Mtoto wa marehemu ni mtoto wa marehemu, awe wa mke aliyepo au aliyeachwa, awe Chumbageni au ng'ambo ya mpaka. Ndugu wa baba mmoja hana urithi pungufu kwa baba yake eti kwa kuwa mama zenu ni wawili. Na usimamizi uliopatikana kwa kuficha mrithi unaweza kutenguliwa na mahakama hata baada ya kutolewa.

Kwa hiyo msinipitie haraka kwenye hili la karatasi ya mahudhurio. Kwenye matanga watu wana majonzi, kalamu inapita, unasaini. Soma kichwa cha karatasi. Kama hakuna kichwa, kiandike mwenyewe kabla ya kusaini.

Maombi yakafunguliwa mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa kwenye ubao. Kitindamimba, aliyeambiwa na jirani, akaenda kuweka pingamizi akiwa na bahasha yake ya kaki. Kaka akanipigia simu: "Njoo useme ulilosema siku ya arobaini." Nikaja.

Hapo ndipo dada wa Mombasa naye alipofika. Sijui nani alimwambia. Aliingia na basi la kupitia Horohoro, akashukia stendi, akaja mahakamani moja kwa moja na begi lake, buibui limejaa vumbi la safari. Alisubiri mpaka shauri letu lilipoitwa, akanyanyua mkono na kusema, "Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Kwenye karatasi zenu sipo." Hakupaza sauti. Hakimu akamwomba uthibitisho, akatoa cheti cha ndoa yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Jina la walii aliyemwozesha lilikuwa la baba, na sahihi ilikuwa ileile yenye mkia. Kaka akainamisha kichwa.

Siku ile jina lake likaingizwa, na shauri likaahirishwa.

Nje ya mahakama palikuwa na mama mmoja, msaidizi wa kisheria, aliyekuwa anasaidia watu bila malipo chini ya mwarobaini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilikuwa imepitishwa mwaka huohuo 2017, na wasaidizi wa namna yake wametambuliwa humo. Nilimpelekea barua zangu zote za baba zenye sahihi, nimezipanga kwa miaka, nikamwambia nataka mtaalamu wa maandishi. Aliziangalia kwa heshima. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, tuseme dole ni la baba yako kweli. Kutakuwa na nini?"

Nikamjibu basi nyumba itakuwa yake.

Akasema, "Hapana. Hilo ndilo swali lako, na wewe umelipita ukaenda kwenye dole."

Akanieleza, na tangu hapo nimelithibitisha kwa masheikh na kwa wanasheria. Marehemu ni Mwislamu, ameishi Kiislamu, ameoa na kuzikwa Kiislamu. Mirathi yake mahakama ya mwanzo itaigawa kwa sheria ya Kiislamu. Humo wasia una mipaka miwili. Wa kwanza ni theluthi: mtu hausii zaidi ya theluthi moja ya mali yake baada ya kutolewa gharama za maziko na madeni. Wa pili ni kwamba hapana wasia kwa mrithi. Mtoto wake ana fungu lake tayari kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 11. Baba hawezi kumchukulia mmoja fungu la wenzake na kumwongezea mwingine kwa karatasi. Isipokuwa kwa jambo moja: warithi wenyewe, baada ya marehemu kufa, waridhie.

"Kwa hiyo," akasema, "swali la kwanza ni kama karatasi ni ya kweli. La pili ni kama karatasi, hata ikiwa ya kweli, inakufunga. Wewe unamwita mdogo wako mwizi ili ushinde swali ambalo hulihitaji."

Nilimsikia. Lakini neno lilikuwa limekwishatoka, na mwanadamu akishasema mbele za watu anapenda ashinde kwanza kabla ya kunyamaza. Nikaendelea na dole.

Siku ya ushahidi aliitwa shahidi wa kwanza wa wasia, mwalimu wa madrasa ya jirani, mzee wa makamo ya baba. Akasema alimsomea baba karatasi ile mara tatu. Mara ya kwanza baba akaashiria kwamba shamba lisemwe ni la mjukuu na si la mama yake mjukuu, ikaandikwa upya. Mara ya tatu akatikisa kichwa kukubali. Mkono wa kulia haufanyi kazi, akatia dole la kushoto, na kwa kuwa mkono ulikuwa unatetemeka dole likateleza. Walitaka kuandika karatasi nyingine, baba akakataa kwa kichwa.

Nilipopewa nafasi ya kuuliza, nikamuuliza kwa nini hakutuambia wakati wote ule. Akanitazama kwa huruma. "Wasia ni amana, mwanangu. Ningewaambiaje kabla ya wakati wake?"

Nikakaa chini. Nilijua anasema kweli. Nikatazama mbele, nikaona shingo ya mdogo wangu, jinsi kola ya shati ilivyolegea. Alikuwa amekonda.

Kisha hakimu, washauri wake wawili pembeni, akamuuliza mwalimu wa madrasa kama anajua huyu aliyeusiwa nyumba ni nani kwa marehemu. Mwanawe. Ni mrithi? Ni mrithi. Na huyu mjukuu? Mjukuu si mrithi, maana marehemu ameacha watoto wa kiume hai, wanamzuia. Hakimu akaandika kwa muda. Halafu akainua uso akatuelekea sisi kwenye benchi: "Warithi wengine, mmeridhia nyumba iende kwa huyu mmoja?"

Ukumbi ukawa kimya. Kaka akasema, "Hatujaridhia." Mimi sikusema kitu. Dada wa Mombasa hakusema kitu. Hakimu akaandika tena.

Uamuzi ulipokuja ulikuwa hivi: wasia ni wa kweli, hakuna kughushi. Kuhusu shamba la Tongoni wasia unasimama, kwa kuwa mjukuu si mrithi na shamba haliifikii theluthi. Kuhusu nyumba hausimami, ila kwa ridhaa ya warithi. Na kwa kuwa watoto wanagombana, hakuteuliwa kaka wala kitindamimba. Mahakama ikamteua baba mdogo, ndugu wa marehemu, ambaye kwa kuwepo watoto wa kiume hana fungu lolote humo, kwa hiyo hana anachokipigania. Mahakama ya mwanzo ina uwezo huo wa kuteua mtu mwaminifu asiye na upande, na nafikiri ndugu wengi wangelijua hilo wasingepoteza miaka wakigombania nani awe msimamizi.

Maana msimamizi si mwenye mali. Kaka alikuwa amekwishamleta dalali nyumbani kabla hata ya kuteuliwa, na watu wa mtaani walikuwa wanaamini akishapata barua ya usimamizi anauza. Hapana. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa wenyewe, anarudi mahakamani kutoa hesabu. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa apeleke fomu namba tano, orodha ya mali na madeni yote, na kisha fomu namba sita, hesabu ya alivyogawa. Wewe ndugu una haki ya kuziona fomu hizo. Ukiona fomu namba tano haina nyumba fulani au ng'ombe fulani, unasema mahakamani. Ukiona msimamizi amekaa mwaka mzima bila kupeleka kitu, unaomba aitwe, na akiendelea unaomba usimamizi wake utenguliwe. Sisi, kwa sababu ya yule dalali, tulikwenda pia kuweka zuio kwenye hati, ile wanasheria wanaita kaveati, ili nyumba isihamishwe jina kimyakimya. Na tukampa mwenyekiti wa mtaa nakala ya namba ya shauri. Dalali hakuonekana tena.

Usiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Kaka aliondoka siku ile akisema atakata. Hakukata.

Kuna mtu wa barazani alimshauri kitindamimba adai kwamba wasia ule ni wa kimila, kwa kuwa sisi kwa asili ni Wadigo, ili akwepe hilo la mrithi. Nalisema hapa kwa sababu nimesikia wengi wakishauriwa hivyo. Mahakama inatazama maisha ya marehemu yalivyokuwa, haitazami kabila peke yake. Na hata kanuni za wosia wa kimila, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, hazimwachii mzazi kumnyima mtoto urithi hivihivi: anatakiwa aseme wazi kwamba anamnyima na aseme sababu, na sababu zinazokubalika ni nzito, kama kumshambulia mzazi au kumtelekeza kwenye njaa na maradhi. Kwa ndugu zetu Wakristo njia inaweza kuwa nyingine tena, na si kila shauri lao linaanzia mahakama ya mwanzo. Mwenzangu wa Lushoto tunayefundisha naye alipoteza miezi kwa kufungua shauri la wosia wa baba yake mahali pasipostahili. Uliza kwanza mirathi yako inafuata sheria gani, kabla ya kumuuliza ndugu yako chochote.

Baba mdogo alitukusanya mwezi wa tatu, 2018. Nyumba ilithaminiwa shilingi milioni 70. Shamba, milioni 8. Fedha benki, baada ya kulipa maziko na deni la duka la dawa, zilibaki milioni 2. Jumla milioni 80, theluthi yake ni milioni 26 na ushei, shamba la mjukuu limo ndani. Linatoka kwanza. Mjukuu alikuwa na miaka 14, kwa hiyo minazi yake ikawekwa chini ya uangalizi wa baba mdogo mpaka atakapokuwa mtu mzima. Zikabaki milioni 72 za warithi.

Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubavu wa kabati kama nilivyozoea. Mama ni mke aliye na watoto, anapata thumuni. Zinazobaki, sehemu saba za nane, ni za watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Wanaume wawili, wanawake wawili, hiyo ni mikono sita. Ukitaka kila kitu kitoke bila vipande, unagawa mafungu 48: mama 6, kaka 14, kitindamimba 14, dada wa Mombasa 7, mimi 7. Kila fungu milioni moja na nusu. Mama milioni 9, wavulana milioni 21 kila mmoja, sisi wasichana milioni 10 na nusu.

Mama alizitazama zile namba, akasema taratibu, "Bati za nyumba hii ni vitumbua vyangu." Kweli. Wote tulikuwa tunajua kwamba mwaka baba alipokwama kwenye lenta, mama alikaanga vitumbua miaka miwili pale njia ya kwenda soko la Mgandini, akanunua bati zote na misumari yake. Mjane anaweza kudai mchango wake utengwe kabla mirathi haijagawanywa, kwa sababu mali yake si mali ya marehemu. Nilimwambia hivyo. Akakataa, akasema hataki kudai wanawe. Mpaka leo naamini tulifanya makosa kumsikiliza. Tungemtengea wenyewe bila kumsubiri adai.

Kisha baba mdogo akauliza swali la hakimu kwa mara ya pili. Ila sasa hatukuwa kwenye benchi, tulikuwa kwenye mkeka uleule wa arobaini.

Hapo ndipo nilipoielewa sheria ile. Nilikuwa nimeichukua kama ngao: hapana wasia kwa mrithi, basi, nimeshinda. Lakini sehemu ya pili ya maneno hayo, ila waridhie wenzake, ilikuwa inatuachia sisi mlango. Baba alikuwa ametuomba. Hakuwa na uwezo wa kutuamrisha, na kwa dole lile lililoteleza alikuwa ametuomba tumwangalie aliyemwosha miaka minne. Mwalimu wa madrasa, aliyealikwa siku ile, alisema baba angeitoa nyumba kwa hiba, yaani zawadi, wakati yu mzima, akaikabidhi kabisa, mambo yangekuwa mengine. Hiba iliyokabidhiwa mtu akiwa na afya yake si wasia. Ila baba aliusia akiwa kitandani, na kilichokuwa mbele yetu kilikuwa ridhaa yetu tu.

Tena ridhaa ni ya mtu na fungu lake. Hakuna mrithi anayeweza kuridhia kwa niaba ya mwenzake. Hilo nalo watu hawalijui: wanadhani mmoja akikataa, wote wamefungwa, au wengi wakikubali, mmoja amemezwa.

Dada wa Mombasa, tuliyemsahau kwenye fomu, ndiye aliyeanza. "Langu namwachia mdogo wangu. Mimi nilipata baba yangu kwa barua, yeye alimpata kwa mikono." Mama akasema lake lote analiacha, mradi alale chumba chake mpaka Mungu amchukue. Nikasema na langu. Kaka akakataa. Akasema ana madeni, ana watoto wa sekondari, fungu lake analihitaji. Zamani ningemchukia kwa hilo. Lakini lilikuwa fungu lake, na hakimu hakumuuliza mtu kwa nini.

Mafungu 14 ya kaka tukamtolea kwa vyumba viwili vya mbele vyenye fremu za duka, ambavyo thamani yake ilikaribia milioni 21, na fedha zote zilizokuwa benki zikaenda kwake kujazia pungufu. Makubaliano yakaandikwa, kila mrithi akasoma mwenyewe, dada wa Mombasa akasomewa mara mbili kwa kuwa hakuja na miwani, tukasaini mbele ya hakimu. Fomu namba sita ikapokelewa. Shauri likafungwa.

Kitindamimba wakati wa shauri alikuwa amepeleka mahakamani daftari kubwa la jalada jeusi, akitaka kuonyesha alivyomuuguza baba. Hakimu alimwambia kwa upole kwamba uangalizi haumpi mtu umiliki. Kama kuna fedha aliyomkopesha marehemu na ana uthibitisho, angeidai kama deni, na deni linalipwa kabla ya urithi. Yeye hakuwa na risiti, na hakutaka kuita deni. Akalirudisha daftari kwenye mfuko.

Wiki moja baada ya shauri kufungwa nilikuja kutoka Muheza, jioni safari hii, nikiwa nimeomba ruhusa ya kulala. Nilimkuta uani anaanua nguo. Nikamwambia neno nililosema siku ya arobaini halikuwa kweli, na nililirudia mahakamani nikiwa ninajua si kweli, naomba anisamehe. Akasema, "Yameisha, dada." Akaenda ndani kuchemsha chai. Daftari lilikuwa juu ya kabati lile nililoandika kwa chaki. Nikalichukua.

Kila ukurasa ulikuwa na tarehe na saa. Saa 11 alfajiri, amegeuzwa, mgongo una wekundu. Saa 2, uji, amemaliza kikombe. Saa 8 usiku, maji, amekunywa nusu. Dawa ya presha imebaki nne. Leo hakutaka kuoga, tumeacha. Nikafunua mbele, nikafunua mbele zaidi, nikitafuta siku zangu. Nikazipata. Kila baada ya wiki mbili, kwa mwandiko uleule: Dada amekuja kutoka Muheza. Baba amecheka.